Nampenda, mbona hajui?

Barua za mwezi huu zimetoka kwa watu mbalimbali, lakini nyingi zina kilio kimoja: upendo upo, ila haumfikii anayependwa. Tumechagua tano. Majina tumeyaacha na barua tumezifupisha.

"Hunipendi, unanitunza tu"

*Mimi ni seremala, Morogoro. Nimeoa mwaka wa tisa huu. Nyumba nimejenga, ada nalipa, unga na mkaa havijawahi kukosekana. Juzi mke wangu kaniambia, "Wewe hunipendi, unanitunza tu." Nimeumia. Mimi si mtu wa maneno matamu, wala baba yangu hakuwa. Nifanye nini?* — Fundi, Morogoro

Kaka, pole. Lisikilize vizuri neno la mkeo, maana amelipima. Hakukataa kwamba unamtunza. Lakini mkaa unapikia wote waliomo ndani, hata mgeni aliyepita. Ada ni ya watoto. Nyumba ni ya familia. Katika hayo yote yeye, kama yeye, hajaona lililofanywa kwa sababu yake.

Hatukuambii ujifunze maneno matamu. Mtu aliyezoea kunyamaza akianza ghafla kuita "roho yangu", mwenzake hushtuka akajiuliza kuna nini. Anzia kwenye salamu ya jioni. Ukirudi unamuuliza "Umeshindaje?", anajibu "Salama", mnaachana hapo. "Salama" ni adabu, si habari. Hata mwenye homa huanza na salama. Ongeza swali la pili, la jambo unalolijua la siku yake: "Yule mteja wa vitenge alikuja kulipa?" "Mgongo bado unakusumbua?" Kisha kaa, simu iwe mfukoni, usikilize mpaka amalize. Mafundi wengi wanakosea hapa: wakisikia tatizo tu, mkono unatafuta nyundo. Kama hujui anachotaka, muulize waziwazi: "Tushauriane, au nikusikilize tu?" Swali hilo peke yake limeokoa jioni nyingi.

Shukrani nazo ziwe na mwili. "Ahsante kwa yote" haishiki popote. Taja alichofanya, kwamba ulikiona, na kilivyokufaa: "Jana uliamka saa tisa usiku ukampa mtoto dawa. Nilikusikia. Nililala, na leo kazi imekwenda." Ukishasema, nyamaza. Usiongeze "lakini". Anayeambiwa "chakula kizuri lakini chumvi imezidi" hubaki na chumvi.

Halafu kuna mialiko midogo, ile inayopita bila kuonekana. Mtafiti wa Marekani, John Gottman, wa Chuo Kikuu cha Washington, aliwafuatilia wanandoa wapya kwa miaka sita, akiangalia mmoja anaposema jambo dogo, kama "hebu mtazame ndege yule", mwenzake anafanya nini. Waliodumu walikuwa wakiitikia mara 86 katika kila 100. Walioachana walikuwa wakiitikia mara 33. Kwa hiyo mkeo akisema "Mvua hii leo!", anakuita ukae naye sekunde kumi. Inua macho, mjibu kwa sentensi nzima. "Mmh" haihesabiki.

Na wewe una kitu ambacho wanaume wengi hawana: ufundi. Mpimie meza ya jikoni. Simama naye, mwambie akunje mkono kama anayekata kitunguu, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha toa sentimita 10 mpaka 15. Huo ndio urefu wa meza ambayo haitamvunja mgongo. Unapoiweka mwambie: "Hii nimeipima kwa kiwiko chako, usiiname tena." Ukiileta kimya itakuwa meza tu, kama ile nyumba.

Jumapili moja mkiwa mmetulia, muulize: "Wiki hii, ni lini uliona nimekujali?" Atakachokitaja, hata kidogo, kirudie wiki inayofuata. Jipe wiki sita. Wengi huacha wiki ya pili kwa sababu mwenzao hajasema lolote. Mtu aliyekaa miaka tisa bila kusikia huchelewa kuamini masikio yake. Mkigombana, samahani itangulie, na itaje kosa lenyewe. Zawadi ije siku nyingine kabisa, la sivyo itakuwa bei ya kumnyamazisha, na ataijua.

"Simu zetu zimekuwa za hesabu"

*Mke wangu yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, huu ni mwaka wa pili. Mimi niko Tanga na watoto wetu, wa miaka 6 na 11. Kila tukipigiana ni pesa: imefika? imekwenda wapi? Tunaishia kugombana au kununiana. Mdogo akipewa simu hasemi kitu, mama yake analia. Naogopa tunapoteana.* — Baba wa wawili, Tanga

Ndugu yetu, pesa haina kosa. Kosa ni kuibebesha simu moja mizigo miwili. Hesabu ziandikwe, zisizungumzwe. Siku inayofuata pesa kufika, tuma ujumbe mmoja wa maandishi, kwa mfano: "Imefika 400,000. Ada 150,000. Chakula 120,000. Dawa za mama 30,000. Akiba 100,000." Picha za risiti zifuate hapo hapo. Swali la pesa likizuka katikati ya mazungumzo, jibu: "Nitakuandikia kesho asubuhi," na kesho asubuhi uandike kweli. Ukikosa mara mbili atarudi kuhesabu kwenye simu, na haki itakuwa yake.

Risiti inamwonyesha kwamba pesa haikupotea. Haimwonyeshi jasho lake limekuwa nini. Kwa hiyo tuma na picha ya viatu vikiwa miguuni mwa mtoto, asubuhi ya siku ya kwanza ya muhula, au video ya sekunde 20 ya mwanao akisoma kwenye daftari lililonunuliwa. Mtu anayesugua sakafu ya nyumba ya wenyewe anahitaji kuona hilo kuliko shukrani ya jumla.

Saa mzitazame upya. Muscat iko mbele yetu kwa saa moja: ukipiga saa nne usiku, kwake ni saa tano, na huenda ataamka alfajiri kabla ya wenye nyumba. Hapo unampenda kwa kumnyima usingizi. Mapumziko ya wiki Oman ni Ijumaa na Jumamosi, yenu Jumamosi na Jumapili, basi siku inayowakutanisha nyote ni Jumamosi. Ikiwa mwajiri wake anampa Ijumaa peke yake, pangeni jioni ya Ijumaa, watoto wakiwa wametoka shule. Simu moja ndefu siku hiyo na mbili fupi katikati ya wiki zinatosha. Simu ya kila siku isiyo na la kusema ndiyo inayogeuka kuwa ya hesabu.

Siku nyingine zijazwe na ujumbe wa sauti, wa dakika moja au mbili, ambao anaweza kuusikiliza akipiga pasi. Mweleze uko wapi, umeona nini leo, na nini kilikukumbusha yeye. Usitafute ukimya ndipo urekodi. Adhana, watoto wakibishana, mafuta ya maandazi yakichacharika, hayo ndiyo nyumbani kwake. "Niko barazani, umeme umekatika, kila mtu katoka nje. Jirani anakaanga samaki, nimekumbuka wewe huwa unaanza na kichwa." Hivyo tu. Usifungue kamwe kwa "Mbona hujajibu?"

Kabla ya maneno ya ndani, uliza: "Uko peke yako?" Ndoa nyingi za mbali hukauka kwa sababu kila simu inasikilizwa na watu wanne, spika iko wazi sebuleni. Mama na mawifi wapewe zamu yao, siku yao. Dakika zenu mbili zisiliwe.

Mkikasirikiana, usikate simu ukanyamaza. Kimya cha mtu wa chumba cha pili kinajulikana mwisho wake. Kimya cha mtu aliye ng'ambo ya bahari humfanya mwenzake awaze ajali, maradhi, mwanamke mwingine. Sema: "Nimekasirika, nitakupigia kesho saa kumi jioni." Taja saa, na uipige saa hiyo.

Sasa mtoto wa miaka 6. "Hujambo? Shule inaendaje?" ni maswali ya watu wazima, na kwenye simu hayana pa kushika. Mpe kazi ya kufanya: amwonyeshe mama jino lililong'oka, amhesabie vifaranga. Bora zaidi, mama amtolee hadithi. "Hadithi hadithi!" anajua aitikie "Hadithi njoo!", na hapo ulimi umeshafunguka. Hadithi ikatwe pale sungura anapoingia shimoni, iendelee simu ijayo. Mtoto mwenyewe atauliza ni lini. Dakika tano zinatosha. Usimsukume mbele ya simu ukimwambia "Mwambie mama nampenda". Huyo mkubwa wa miaka 11 apewe muda wake peke yake, mdogo wake asiwepo, na mama amwombe ushauri wa jambo la kweli, kama rangi ya begi au jina la paka.

Mikataba mingi ya kazi za ndani kule ni ya miaka miwili, hivyo huenda anakaribia kurudi. Wiki ya kwanza mdogo anaweza kumkimbia mama yake aje kwako. Mwandae mkeo mapema kwamba hilo si kukataliwa, na kazi ya kuwakaripia watoto ibaki kwako siku hizo za mwanzo.

"Kwenye shida ni mzuri, kwenye furaha hayupo"

*Nikiwa na tatizo mchumba wangu ananisaidia sana. Nikimpa habari njema anasema "hongera" kisha anarudi kwenye simu yake. Je, nakuza mambo?* — Dada wa Arusha

Hukuzi. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Shelly Gable walionyesha kwamba namna mtu anavyopokea habari njema za mwenzake inaendana na ukaribu na kuridhika kwao. Ukisema "Nimepandishwa cheo", kuna anayeuliza "Eeh! Walikuambiaje? Wewe ulisemaje?" Kuna anayesema "hongera" akapita. Kuna anayesema "Sasa utaniona lini na kazi zote hizo?" Na kuna anayeanza habari zake. Ni yule wa kwanza tu anayeikuza furaha. Wengine watatu, hata yule mwenye adabu, wanaizima.

Wachumba wa aina ya wako mara nyingi wameamini kazi yao ni kuokoa, na habari njema haina cha kuokoa. Mwambie kabla hujaanza: "Nina habari nzuri, nataka uniulize maswali." Ukimwona anauliza hata mawili, mwonyeshe kwamba umefurahi. Akishindwa hata baada ya kuelezwa waziwazi mara tatu nne, mjue vizuri kabla ya kupokea posa.

"Nilimwambia akihitaji kitu aniambie"

*Rafiki yangu amefiwa na mumewe, yuko eda. Watu wameshaondoka. Nilimwambia "ukihitaji chochote niambie", hajaniambia. Sitaki kumsumbua.* — Msomaji, Mombasa

Dada, neno hilo limetoka moyoni, lakini linampa mfiwa kazi tatu: ajue anachohitaji, achague wa kumwomba, kisha aishinde haya. Aliyefiwa hana nguvu ya hata moja. Hajakaa kimya kwa kutokutaka msaada.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi, na kama ni mjamzito ni mpaka ajifungue. Watu hujaa siku tatu za kwanza, wanarudi kidogo arobaini. Katikati ya hapo na baada yake nyumba ni tupu, naye hatoki ovyo. Muda wako ndio huo.

Mpelekee jambo lililokamilika, analoweza kulijibu kwa "ndiyo" au "la": "Jumanne saa saba naleta wali na mchuzi wa watu wanne. Ukiwa umelala nitamwachia mtoto." Weka kwenye vyombo visivyotakiwa kurudishwa, sufuria ya mtu ni deni jingine kichwani mwake. "Watoto nitawapeleka madrasa Jumamosi zote za mwezi huu." "Nataka kwenda kufuatilia cheti cha kifo na shemeji yako, nipe nakala ya kitambulisho." Cheti hicho ndicho kitakachoulizwa benki na kwa kadhi penye mirathi, na kwa mtu asiyeweza kutoka, mguu wako ni msaada mkubwa kuliko rambirambi.

Msaada mwingine ni bora usionekane. Utafiti wa Niall Bolger na wenzake, uliochapishwa mwaka 2000, uliwaangalia wanandoa wa New York ambapo mmoja alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa uwakili. Waliopungukiwa na huzuni ni wale ambao wenzao walisema wamewasaidia lakini wao wenyewe hawakuutambua msaada huo. Ukijua umesaidiwa, unajua pia umeshindwa. Basi tokeni za stima nunua, ziingie, usipige simu kuuliza kama zimefika. Pesa ziende mkononi ndani ya bahasha, zisitangazwe kwenye kundi la WhatsApp.

Ukikaa naye, usikimbilie "usilie" wala "ni mapenzi ya Mungu". Hilo la pili analijua, na ni lake kulisema. Litaje jina la marehemu. Wengi wanaliogopa, na mjane anaona mumewe anafutwa mara ya pili. "Leo nimepita pale alipokuwa akinunua kahawa" itamtoa machozi, lakini ni machozi aliyokuwa anatafuta mtu wa kuyatolea. Siku eda itakapomalizika usisubiri kuitwa. Uwe umeshamuuliza wiki moja kabla: "Siku hiyo ungependa tuwe wengi, au mimi peke yangu?"

"Kanga ya mama mkwe"

*Idi hii nataka kumpa mama mkwe doti ya kanga. Wifi kaniambia niangalie sana jina. Nichague vipi?* — Mkamwana, Dar es Salaam

Wifi yako anakutakia mema. Rangi ya pindo na ua la mji mama atavisifu siku moja. Jina atalisoma kila akiifua. Usinunue kwa kutazama ilivyokunjwa rafuni. Mwombe muuzaji aifungue, usome jina mpaka neno la mwisho, kisha ulisome kwa sauti kama wewe ndiye unayemwambia yeye. Hapo ndipo makosa huonekana.

"Nani kama mama" na "Wema hauozi" hazina kona. "Hasidi hana sababu" na "Wasiwasi wako ndio maradhi yako" ziache dukani, hata kama rangi zake zimekukaa moyoni. Ya hatari zaidi ni zile zinazoonekana nzuri. "Ukipenda boga, penda na ua lake" ni tamu mama akimpa mkwewe: nimempenda mwanangu, nawe nakupenda. Wewe ukimpa yeye, inageuka lawama kwamba yeye hakupendi vya kutosha. Maneno ni yale yale, mtoaji ndiye aliyebadilika. Kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe, ina harufu ya harusi. Mwachie bibi harusi, isipokuwa mama mwenyewe awe ameitaja.

Doti ni vipande viwili vinavyofanana, vikiwa bado havijatenganishwa. Mpe hivyo hivyo, usikate wala usipinde, ili aamue mwenyewe. Ikunje jina likae juu, ishike kwa mikono miwili, mwamkie kwanza, na mpe mkiwa wawili kabla nyumba haijajaa wageni. Ongeza sentensi moja tu ya kwa nini umeichagua hiyo: "Shikamoo mama. Nimeisoma nikakukumbuka ulivyonipokea nilipojifungua." Kama mawifi nao wanapewa, nunua jina moja kwa wote, maana majina yatalinganishwa jikoni jioni hiyo hiyo. Mkumbushe anayefua aifue peke yake kwa maji baridi mara ya kwanza; kanga mpya huchuja rangi, na kanzu nyeupe ya baba mkwe isiwe karibu.

Mama akiikata doti akakupa kipande kimoja, usikatae ukisema "Lakini nilikununulia wewe." Amekuchagua muwe na jina moja. Kipinde vizuri, na ukivae siku utakayokwenda tena kumjulia hali.